Waogiek na notisi ya siku 30
Mtu akiniambia kesi za ardhi za jamii za asili ni siasa tu, namwelekeza kwenye hukumu ya Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji nchini Kenya. Oktoba 2009 walipewa siku 30 wahame Msitu wa Mau. Serikali ya Kenya ikajitetea eti inalinda mazingira. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ikaukataa utetezi huo: haikuthibitishwa kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu. (Hapo nilicheka peke yangu.) Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85, na ardhi yao ipimwe, wapewe hatimiliki ya pamoja. Pesa sawa, lakini mimi macho yangu yako kwenye hatimiliki. Kifungu cha 63 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaja waziwazi ardhi ya wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii.