Lifti za Minnesota, maji ya Mtera

Nikirudi Dodoma huwa ni Januari au Februari, na kila mara kuna anayeuliza pembeni kama nimefukuzwa kazi. Sijafukuzwa. Miezi hiyo maziwa ya Minnesota, huko Marekani ninakoishi, yameganda, na kazi yangu ni ya majini: tunaingiza lifti za boti masika yao yakianza na kuzitoa kabla ya baridi.

Safari hii aliyenibana ni mjomba wangu wa Bahi, mvuvi wa ziwa Sulunga tangu ujanani. Tulikuwa Chang'ombe kwa shemeji, anapochomelea mageti. "Mpwa wangu, lifti si ya ghorofani?" Nikachukua chaki ya kupimia vyuma nikachora sakafuni: fremu ya alumini, miguu minne inayosimama chini ziwani, kitanda cha kubeba boti, na ubavuni winchi yenye usukani mkubwa. Boti inaingia kitanda kikiwa kimezama, unazungusha usukani, waya unavuta, boti inapanda juu ya maji. Haigongwi na mawimbi, haioti mwani.

"Sasa mnaitoa ya nini? Si ikae humo humo?"

Kinachoiondoa ni barafu. Katikati ya baridi unene wake unaweza kupita nusu mita, pikapu zinapita juu, lakini balaa lenyewe ni kwamba inatembea. Baridi ikikaza, barafu inasinyaa na kupasuka. Maji yanajaa kwenye nyufa na kuganda. Jua likipiga, tandiko zima linatanuka na kusukuma ukingo. Aprili likianza kuachia, upepo unaweza kulisukuma lote nchi kavu, likalima udongo na kung'oa magati. Fremu iliyoachwa hapo utaikuta imekunjwa.

Kwa hiyo Septemba na Oktoba ni kutoa. Boti inaondoka kwanza, kisha turubai la juu, maana upepo ukilishika hamtaishika lifti. Miguu huwa imezama kwenye tope, mnaikwangua na kuinyanyua kwa nguzo, mguu mmoja baada ya mwingine. Ufuko ukiwa wa mchanga na tambarare, tunafunga magurudumu miguuni na kuvuta. Ukiwa wa kina, tunafunga mapipa matupu, lifti inaelea, tunaiongoza taratibu. Tunavaa suruali za mpira zinazofika kifuani, ila vidole havina dawa. Na winchi haina utani: breki ikiachia boti ikiwa juu, usukani unazunguka wenyewe kwa kasi ya kuvunja mkono.

Kurudisha Mei ndiko kugumu zaidi, kwa maoni yangu. Kutoa ni nguvu tu. Kurudisha ni kusawazisha, kila mguu na urefu wake, kwani chini ziwani hapako sawa na kina si kile cha mwaka jana, na mguu mmoja ukipungua boti inakaa upande. Hayo yote mwenye boti akiwa amesimama nchi kavu na kikombe cha kahawa, anaelekeza.

Kuna na sheria. Lifti ikitoka ziwa moja kwenda jingine lazima ikae nchi kavu siku 21, isije ikahamisha kome wadogo wa milia wanaong'ang'ania vyuma na kuenea ziwa zima. Hii mjomba aliikubali bila ubishi.

Akaja na biashara: tuwauzie watu wa Mtera. Shemeji akacheka kabla sijajibu. Bwawa la Mtera ni la umeme, na maji yake huendeshwa kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Lifti yangu inapandisha mita moja na kitu. Mwaka wa mvua ingezama na turubai lake. Mwaka wa ukame ingebaki nchi kavu, mbuzi wakijikinga jua chini yake. Kuhusu Sulunga mjomba alijijibu mwenyewe: "Kwetu mtumbwi unabaki, maji ndiyo yanaondoka."

Shemeji yeye alivutiwa na winchi tu. Jirani yake ana gereji, na injini wanazining'iniza kwa mnyororo kwenye tawi la mwarobaini, jambo linalomnyima usingizi kila akipita. Anataka kuchonga ya kwake. Nimemwahidi picha za meno na breki, na vipimo, nikirudi kazini. Kuna moja kuukuu nyuma ya stoo ambayo hakuna anayeitaka. Kuisafirisha hadi Dodoma sijamwahidi.