Josho la Bibi

Bibi alifariki alfajiri, na jua lilipopanda maji yalikuwa yamekwisha tekwa. Haraka ile aliitaka mwenyewe. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeitwa kila mwanamke alipofariki katika mji wetu mdogo, awe na watu au hana, na wasia wake ulikuwa mfupi: asicheleweshwe kwa kumngoja mtu, na aoshwe na wale aliowafunza.

Alikaribia miaka 90. Alifiwa na mumewe akiwa bado kijana, akakaa eda, kipindi cha mjane kungoja, ya miezi minne na siku kumi, kisha akalea watoto kwa kushona na kuwasomesha wasichana Kurani kila alasiri. Kina mama wengi wa mtaa walianzia alifu kwake. Hata hivyo, kwangu mimi elimu yake iliyohitajika zaidi ilikuwa ya kuosha maiti, maana wengi huiogopa na wachache hujifunza.

Usiku ule Mama Mkubwa alikaa kichwani pake, akatamka "La ilaha illallah" kwa sauti ya kawaida, kisha akanyamaza. Hakumwambia "sema". Bibi alikataza anayekata roho kusumbuliwa: akishaitamka mara moja yatosha, harudiwi mpaka azungumze jambo jingine. Pumzi ilipokatika, Mama Mkubwa alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa kipana kilichopita chini ya kidevu hadi utosini, akamkunja na kumkunjua viwiko, magoti na vidole taratibu. Haya hayangoji. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, taya na shingo zikitangulia, na kwenye joto huwahi zaidi. Aliyeachwa mdomo wazi ni taabu kumfunga baadaye.

Waoshaji walikuwa Mama Mkubwa na wanafunzi wawili wa Bibi, ambao nao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye wajukuu. Mimi nilipewa kopo nimimine maji. Kitanda kiliwekwa juu ya ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya josho, upande wa kichwani umeinuliwa kidogo ili maji yateremkie miguuni. Maji yalikuwa baridi. Bibi alilishikilia sana hilo: maji ya moto huulegeza mwili, na vilivyomo tumboni vikaendelea kutoka. Ya vuguvugu aliyatumia penye uchafu ulioganda tu.

Alivuliwa chini ya shuka, na kutoka kitovuni hadi magotini shuka haikuondoka. Akainuliwa, akaegemezwa nyuma kidogo, mkono wa kulia wa Mama Mkubwa ukiwa begani na kidole gumba kikizuia kisogo, goti lake likitegemeza mgongo. Mkono wa kushoto ukapita tumboni, ukikamua polepole. Hapa ndipo wageni wa kazi hukosea. Wengine hukamua kwa nguvu kama wanaosukuma unga, jambo lisilo na heshima. Wengine huona haya, wakaruka, na sanda hulowa njiani. Kisha akalazwa, mkono ukaviringishiwa kitambaa, akasafishwa tupu zote mbili. Kitambaa kikatupwa, kingine kikavaliwa mkononi cha kusafishia meno na pua. Akatawadhishwa.

Josho lenyewe lilianza kichwani, likaja upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kila walipomgeuza walimwambia, "Mwalimu, tunakulaza ubavu." Kifudifudi halazwi kamwe. Maji ya kwanza yalikuwa na majani ya mkunazi yaliyotwangwa yakatoa povu. Bibi alikuwa mkali juu ya jambo moja ambalo wengi hawalijui: maji ya mkunazi husafisha, lakini hayahesabiwi kuwa josho, kwa sababu yamekwisha kubadilika. Lazima yasuuzwe, ndipo yafuate maji matupu yanayohesabiwa, mara tatu, au tano ikihitajika, bora iwe witiri, yaani hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Ya mwisho hutiwa karafuumaiti (kafuri) iliyosagwa, kidogo tu, isije ikayageuza nayo. Likitoka jambo baada ya hapo, huondolewa najisi tu, josho halirudiwi.

Nywele zilichanwa kwa kitana chenye meno mapana, zikasukwa mikia mitatu ikalazwa nyuma, kama alivyosukwa binti wa Mtume katika hadithi ya Ummu Atiyya, mmoja wa wanawake waliomwosha. Zilizong'oka hazikutupwa, ziliwekwa ndani ya sanda. Kucha hazikukatwa.

Sanda aliikata mwenyewe zamani, bafta nyeupe, akaiweka sandukuni. Nguo tano: ya kiunoni, kanzu, ushungi, na shuka mbili za kuzunguka mwili wote, kila moja ikizidi urefu wake kichwani na miguuni ili ipate kufungwa. Zilifukizwa udi mara tatu. Kamba za bafta hiyohiyo zilitandikwa kwanza chini ya shuka, kwani mtu akishalazwa ni shida kuzipitisha. Pamba yenye karafuumaiti iliwekwa penye viungo vya sijida: paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu. Shuka hukunjwa ya kushoto kwanza, kisha ya kulia juu yake.

Walichokiona mwilini mwake sikukisikia kikitajwa hata siku moja. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake la kwanza kwa kila mwanafunzi, kabla hajamruhusu kushika kopo.

Msikitini, kwenye swala ya jeneza, imamu alisimama usawa wa kiuno cha Bibi, ndivyo ilivyo kwa mwanamke. Kaburini wanawe wa kiume walimteremsha chini ya shuka iliyotandazwa juu ya shimo, wakamlaza kwa ubavu wa kulia ndani ya mwandani, ule mfuo wa ndani ya kaburi, uso ukielekea kibla, wakafungua kamba.

Deni la fedha hakuacha. Aliacha daftari lenye hesabu, kwa herufi za Kiarabu, ya siku za Ramadhani ambazo uzee ulimzuia kufunga na hajazilipia. Wanawe walipima kibaba kimoja cha nafaka kwa kila siku, wakaigawa yote kwa maskini kabla mirathi haijatajwa.