Nimemwaga oili ya giaboksi mwenyewe, pima maji ndo ikaniumbua

Toyota Spacio yangu, ya otomatiki, ilianza tabia moja inakera sana. Asubuhi ukitoa P ukaweka R inakaa kimya kama haijasikia, unahesabu moja, mbili, afu ndo inapiga teke mpaka dogo aliyekaa nyuma anashikilia kiti. Sisi wa Bugarika huku juu mlimani Mwanza mnajua ile kutoka getini kwa rivasi wakati nyuma yako ni mteremko wa mawe, gari ikichelewa kukamata gia unakuwa na roho mkononi.

Nikavuta stiki ya giaboksi, ile ya kupimia oili. Hizi new model stiki zipo bado, na yangu imegongwa kabisa T-IV, yaani hiyo ndo oili inayotaka. Nikaipangusa kwenye tishu, inatakiwa iwe nyekundu kama juisi ya rosela, yangu ilikuwa kahawia kama chai ya rangi iliyolala. Ila haikunuka kuungua, na hapo ndo nikapata moyo wa kuendelea, maana ikiwa nyeusi na inanuka moto na gia zinateleza tayari basi plati za ndani zimeshakwisha na oili mpya haifufui maiti. Ndo maana watu wanasema ukibadilisha oili ya zamani giaboksi inakufa, mi naona mara nyingi ilikuwa inakufa tu, oili imesingiziwa.

Kitu kimoja kabla sijaendelea, kama gari yako ni CVT, ile giaboksi ya mkanda, usinifuate mimi, ina oili yake tofauti kabisa. Na hii habari ya kuingia dukani unasema "nipe haidroliki" unapewa yoyote nyekundu, tuache jamani.

Jumamosi asubuhi nikamwita mtoto wa dada anishikie tochi. Nikaizungusha gari kidogo oili ipate uvuguvugu, isiwe ya moto, hiyo inaunguza mkono. Mawe nyuma ya matairi (mawe kwetu hayanunuliwi), jeki, afu stendi mbili za chuma chini ya fremu, jeki peke yake usiiamini hata kama unaingiza mkono tu. Nati ya kumwagia kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, inatumia elenki namba 10. Ikashuka kwenye beseni, nikaipima kwa chupa za maji za lita moja na nusu, zikajaa mbili kasoro kidogo. Ndo unazopata hizo, karibu lita tatu, nusu nzima au zaidi inabaki juu kwenye tokikonveta, ile inayounganisha injini na giaboksi, na huko kwenye njia zake, kwahiyo ukimwaga mara moja umechanganya tu mpya na ya zamani. Nitarudia baada ya wiki kadhaa.

Kushusha sampo sasa. Bolti ni ndogo za namba 10 zimezunguka pande zote, unalegeza zote kwanza, unaacha mbili tatu za upande mmoja ili ishuke ikiwa imeinama, maana bado kuna oili ndani hata kama umeshamwaga. Nilivyoishusha nikakuta kitu kikanitia hasira. Fundi aliyewahi kuifungua kabla yangu alipaka silikoni juu ya gasketi, na sio kidogo, kaipaka kama siagi kwenye mkate. Iliyozidi imejiminya kwa ndani, vipande vimekatika, vingine nikavikuta vimenata kwenye mdomo wa filta! Sasa filta ndo inavuta oili kwenda kwenye pampu, ukiziba hapo presha inashuka na gia lazima ichelewe. Sampo hii ina gasketi yake, unaweka kavu, basi.

Filta yenyewe inashikwa na bolti chache tu, ila angalia urefu wake, hazifanani zote, ukichanganya utajuta. Mi nilizichomeka kwenye boksi la kartoni kwa mpangilio uleule. Ukiitoa itamwaga kama nusu kikombe tena na itakulenga usoni, funga mdomo.

Ndani ya sampo kuna sumaku. Zangu zilikuwa zimevaa tope la kijivu, laini, kama ugoro uliolowa, ukilisugua kati ya vidole halikwaruzi. Hilo ni la kawaida, ni unga wa chuma wa kusagika kila siku. Ukikuta vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kimoja kimoja, hapo anza kuulizia giaboksi ya mtumba. Nikaosha kwa petroli, nikaacha ikauke kabisa juani, afu nikapangusa na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Kurudisha ndo panahitaji utulivu. Zile bolti zinaingia kwenye aluminiamu, ukikaza kwa nguvu za kufungulia tairi unakula uzi wa boksi na hapo huna pa kulalamika. Shika raketi karibu na kichwa chake, kaza kwa kuvuka, hii halafu ya upande wa pili, zunguka mara mbili tatu kidogokidogo.

Oili mpya inaingia kupitia bomba la stiki, mrija mrefu wenye mpira, taratibu. Nikaweka kiasi kilekile kilichotoka, nikawasha, mguu kwenye breki, nikapitisha gia zote P mpaka L na kurudi, kila moja sekunde chache. Injini ikiwa inanguruma nikapima. Iko sawa. Nikafurahi, nikatoka kuijaribu, napandisha kilima cha Bugando, gari inavuma afu haiendi. Inateleza!

Aisee nilirudi nimenyong'onyea. Dogo ndo akaenda kwa jirani yetu fundi mjenzi kuazima pima maji, akailaza kwenye zege langu la uani ambalo miaka yote najua liko bapa. "Anko, mbona kapovu kanakimbilia huku?" Kumbe zege limeinama, na limeinama upande wa stiki, oili imejikusanya huko inanidanganya kuwa imejaa wakati ni pungufu. Huku mlimani hata meza haikai sawa, sijui nilitegemea nini.

Nikashuka polepole mpaka sheli moja barabara ya Kenyatta upande wa Mkuyuni, pale sakafu ni bapa kweli, nikamwomba mlinzi dakika tano. Oili ilikuwa imeshapata moto vizuri, ile alama ya HOT kwenye stiki ni ya oili yenye nyuzi 70 mpaka 80 hivi, sio ya gari ya asubuhi. Ikasoma chini kabisa. Nikaongeza kidogo, nikapitisha gia, nikapima, nikaongeza tena, robo lita nzima ndo ikafika. Kupandisha Bugando safari hii nilikuwa nasikia redio.

Jioni mzee jirani kaja na dumu, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, saa kumi na mbili jioni, ndo utani wake huo. Nikamwamkia, nikampa ile oili chafu yote akapake nguzo za banda la kuku, anasema mchwa hawaigusi. Afadhali yeye kuliko mtaroni, mitaro ya huku inashuka mpaka ziwani na dagaa tunawala wenyewe.

Usiku nililaza kartoni chini ya gari. Asubuhi ya kwanza kavu, ya pili kavu. Leo kuna tone moja, jekundu, chini ya nati ya kumwagia, maana nilirudishia washa (ile ringi ya kuzuia kuvuja) ileile ya zamani kwa ubahili. R inakamata saa hiyohiyo lakini. Washa mpya nitaiweka kwenye raundi ya pili, na safari hiyo naenda kufanyia kwa shemeji Buhongwa, kwake uani mpira ukiuweka chini unakaa.