Kichwa cha risasi hakikutoka hospitalini bila sahihi

Ushauri wa kwanza niliopewa mdogo wangu alipopigwa risasi na polisi ulikuwa huu: nyamaza, mshukuru Mungu bado anapumua. Mzee mmoja anayeheshimika mtaani akaja na wake: nenda ukaongee na mkuu wa kituo, mwelewane, bili ya hospitali italipwa. Jirani naye, kwa nia njema kabisa, akanihimiza nizifue zile nguo kabla mama hajaziona. Ningewasikiliza, leo mdogo wangu angekuwa mshtakiwa asiye na cha kujitetea nacho. Ndiyo maana naandika, maana najua usiku wa leo kuna familia nyingine inaambiwa maneno hayo hayo.

Mimi ni karani wa mizigo hapa Mombasa. Kazini kwetu kontena haitoki bandarini bila karatasi, na karatasi isiyo na muhuri haina maana. Mazoea hayo yalitusaidia kuliko wakili yeyote.

Polisi wa doria waliingia baze ya vijana, yaani kijiwe chao, jioni, watu wakakimbia, mdogo wangu akapigwa pajani. Polisi wakasema alichomoa panga. Waliokuwapo wanasema alichokuwa nacho mkononi ni simu.

Watu wengi hawajui kwamba sheria imeshasema nini kifanyike. Soma Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Afisa akifyatua risasi lazima aripoti kwa mkubwa wake, hata kama hakuna aliyeumia. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, mkubwa huyo lazima awaarifu IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, eneo lihifadhiwe, na jamaa wa aliyeumia wajulishwe. Kuvuruga ushahidi kumekatazwa waziwazi. Sisi hakuna aliyetujulisha. Tulipigiwa simu na kijana wa bodaboda. Basi usingoje polisi wajiripoti wenyewe. Piga IPOA 1559, ni bure, na mwathiriwa au jamaa yake ana haki ya kulalamika moja kwa moja.

Nguo sikuzifua. Nilizianika ndani ya nyumba mpaka damu ikakauka, nikazitia kila moja kwenye bahasha yake ya kaki. Usizifunge kwenye plastiki zikiwa mbichi, zitaoza na kuota ukungu. Lile tundu kwenye suruali na masizi yanayolizunguka, au kukosekana kwake, humweleza mtaalamu bunduki ilikuwa karibu kiasi gani.

Lakini kilichobeba kesi yetu ni kichwa cha risasi. Kilikwama pajani karibu na mfupa, na daktari akasema angekitoa asubuhi. Usiku ule nikamfuata sista wa zamu nikamwambia, “Sista, hicho kitu kikitoka, tafadhali msikitupe, na msimpe mtu yeyote mkononi.” Akaniuliza kama mimi ni wakili. Nikamwambia mimi ni dada yake.

Kilipotolewa, kilitiwa kwenye kichupa cha sampuli. Daktari akazungusha plasta juu ya kifuniko, akaandika jina la mgonjwa, namba ya faili, tarehe na saa. Nikamwomba atie sahihi ivuke plasta, nusu iwe juu yake na nusu kwenye chupa, ili atakayeifungua asiweze kuirudisha ilivyokuwa. Hivyo ndivyo tunavyofunga sampuli za mizigo kazini, na nilifurahi mno daktari alipokubali bila swali. Sista akaiandika kwenye daftari la chumba cha upasuaji, chupa ikafungiwa kabatini.

Mchana wakaja maafisa wawili waliovaa kiraia. Mgonjwa hawakumwangalia. Walikwenda moja kwa moja kwa sista wakasema wametumwa kuchukua kielelezo. Nikasimama.

“Habari yako, afande. Hatukatai mchukue. Naomba jina lako, namba yako ya kazi na barua ya kituo, uandike hapa kwenye daftari kwamba umepokea, utie sahihi, nami nipige picha.”

Mmoja akasema ninazuia kazi ya polisi. Nikamjibu kwa upole kwamba naomba sahihi tu, na kwamba IPOA wameshaarifiwa na wako njiani. Sista, Mungu amzidishie, akalifungua daftari, akaweka kalamu katikati na kulisukuma mbele yao. Kalamu haikuguswa. Wakatoka nje kupiga simu na hawakurudi tena. Wachunguzi wa IPOA walipofika walisaini bila kuombwa, wakatuachia nakala.

Kwa nini niling'ang'ania kipande cha chuma kisichozidi ncha ya kidole? Mtutu umechongwa mifuo kwa ndani, na kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye risasi inayopita. Kituoni kuna rejista ya silaha: afisa akienda zamu husainia namba ya bunduki na idadi ya risasi, akirudi husainia tena. Maabara ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kule Kiambu Road, Nairobi, ikioanisha mikwaruzo na bunduki, na rejista ikataja aliyeichukua, maneno ya “hatujui nani alifyatua” yanakwisha. Kichwa cha risasi kisipokuwepo, unabaki na neno lako dhidi ya la afisa.

Kituoni nako kulikuwa na kazi. Afisa wa zamu alikataa kuandika kwenye OB, daftari la matukio la kituo, kwamba tunalalamika; akasema tukio limeshaandikwa, na kijana ni mshukiwa. Sikubishana. Nilirudi na barua kwa OCS, mkuu wa kituo, nakala mbili, na chini nikaorodhesha wengine wanaopelekewa: IPOA, kitengo cha masuala ya ndani cha polisi, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Nikaomba nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Aliisoma ile orodha ya chini kuliko barua yenyewe, muhuri ukapigwa, na namba ya OB nikapewa bila kuiomba mara ya pili. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ikafuata. Hiyo itoe kopi kila ukurasa kabla hujairudisha.

Pesa zilikwenda, sitaficha. Nauli, kopi, dawa, chakula cha hospitali. Elfu hapa, elfu pale, mpaka chama chetu cha kina mama kikatushika mkono. Lakini hakuna hata shilingi moja iliyokwenda kwa anayedai anamjua mtu.

Shahidi wetu muhimu ni mama mmoja aliyeona yote akiwa kibandani kwake, na aliogopa. Sikumlazimisha wala kumtaja mtaani. Niliwapa wachunguzi namba yake kwa ridhaa yake, wakamhoji mbali na mtaa, wakamweleza kwamba kuna Wakala wa Kulinda Mashahidi endapo atatishwa. Tafadhali msirekodi mashahidi na kuwatupa mitandaoni. Mnawaweka hatarini, na wakili wa upande wa pili atatafuta kila tofauti kati ya video na ushahidi wa mahakamani.

Mzee wa kuelewana alirudi tena, safari hii na barua iliyokwisha kuandikwa, ikisema hatuna malalamiko. Mama ndiye aliyemjibu: “Baba, kijana ni mtu mzima, mguu ni wake, na hatii sahihi.”

Majibu ya maabara yalioanisha risasi na bunduki moja yenye jina moja kwenye rejista. IPOA hawashtaki wenyewe, kwa hiyo faili limekwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma pamoja na mapendekezo yao, na huko ndiko liliko sasa. Mdogo wangu anatembea na gongo moja. Shtaka la panga limeondolewa, na karatasi ya kuondolewa kwake ninayo, ina muhuri.