Nilivyowafundisha watoto Purimu kwa makopo, kalenda kuukuu na unga wa ngano

Watoto ninaowafundisha shule ya Jumapili hapa Bungoma walimjua Esta tayari: malkia mrembo aliyewaokoa watu wake, basi. Nilitaka wajue kwamba kisa hiki kina sikukuu yake, Purimu, na kwamba Wayahudi wanaisherehekea mpaka leo, tarehe 14 ya mwezi wao wa Adari, ambayo kwetu huangukia Februari au Machi.

Nilianza na kelele. Kwenye sinagogi kitabu kizima cha Esta husomwa kwa sauti, usiku na tena mchana, na kila anapotajwa Hamani, waziri wa mfalme wa Uajemi aliyetaka Wayahudi wote wauawe, watoto hupiga makelele kulifuta jina lake. Limo zaidi ya mara 50! Kwa hiyo tulitengeneza vyombo kabla ya kusoma chochote. Wengine walitia punje za mahindi kwenye makopo, wengine waliponda vifuniko vya soda kwa jiwe, wakavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye waya. Sharti lilikuwa moja: kelele zikipita, kimya, maana desturi ni kusikia kila neno. Mtoto anayelivizia jina la Hamani hasinzii. Walisikiliza hata habari za majimbo 127, toka Bara Hindi mpaka Kushi.

Kisha tukatengeneza gombo. Nyuma ya kalenda kuukuu kila mmoja alichora tukio lake: Vashti, malkia aliyemtangulia Esta, akikataa kwenda karamuni, Mordekai, ndugu aliyemlea Esta, langoni akigoma kumsujudia Hamani, mfalme aliyekosa usingizi akisomewa kumbukumbu. Tuliunganisha karatasi kwa gundi ya uji wa ngano. Msomaji wa Purimu hulikunja gombo mfano wa barua, kwa kuwa Mordekai na Esta waliwaandikia Wayahudi barua wazishike siku hizo, nasi tukalikunja hivyo hivyo.

Mti aliotundikwa Hamani niliutaja lakini hatukuuchora. Vita vya sura ya 9 nitawasomea watakapokuwa wakubwa kidogo. Wa miaka sita inamtosha kujua kwamba ilitolewa amri ya kuua watu wote wa kabila moja, na Esta akahatarisha maisha yake kuwatetea.

Katikati ya usomaji mvulana mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona Esta alificha kabila lake?" Nilikuwa na jibu la karibu kuliko Shushani, mji wa mfalme alimoishi Esta. Ukivuka mpaka, huko Mbale na viunga vyake, wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, na waliobaki waliomba kwa siri mpaka alipong'olewa mwaka 1979. Maswali yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote: walijificha wapi, watoto wao waliambiwa nini, nani alitunza vitabu. Mengine tutawauliza wenyewe tukipata nafasi ya kwenda.

Baada ya hapo tuliingia jikoni. Wayahudi wengi hula biskuti za pembe tatu zenye kitu kitamu ndani. Tulikanda unga, siagi, sukari na mayai, tukakata duara kwa mdomo wa glasi, katikati tukaweka tende zilizopondwa, halafu tukakunja kingo tatu na kufinya pembe. Pembe zisipofinywa vizuri zitafunguka motoni. Tuliokea kwenye sufuria yenye mfuniko, mkaa chini na mkaa juu.

Biskuti hizo hazikuwa za kula peke yetu. Kitabu cha Esta kinaagiza watu wapelekeane vyakula na kuwapa maskini vipawa, na kwa sheria ya Kiyahudi rafiki hupelekewa vyakula vya aina mbili au zaidi, na maskini wasiopungua wawili hupewa chao siku hiyo hiyo. Hata anayeishi kwa kusaidiwa anapaswa kutoa. Hili nililipenda mno, kwa sababu darasani nina watoto ambao kila mara wao ndio wapokeaji. Safari hii kila mtoto alifunga vifurushi vyake, biskuti na ndizi, na kila mmoja alichagua mwenyewe ampelekee nani. Wazazi niliwaomba mapema: vya maskini visipigwe picha, na majina ya waliopewa yasitangazwe kanisani.