Siku mchanga ulipoandika kujumlisha

Nilikuwa mwaka wa pili chuo nasoma fizikia, na nilikuwa nimeshaamua kuachana kabisa na gitaa na mambo ya kuchora. Mwalimu mmoja alifungua daftari langu la mahesabu akakuta pembeni nimejaza michoro ya ndege na mikono ya watu, akaniambia mbele ya wenzangu, mshika mawili moja humponyoka, chagua. Iliniuma kwasababu nilikuwa namheshimu sana. Basi gitaa nikalifunga kwenye mfuko wake nikalisukumia chini ya kitanda, penseli za rangi zote nikampa mtoto wa dada, wakati huo ana miaka saba, na likizo ile ndo nilikuwa nashinda naye.

Sasa siku hiyo najisomea mawimbi, kwenye kitabu kuna kapicha kadogo ka sahani ya Chladni, yaani bati linalomwagiwa mchanga na kutikiswa mpaka mchanga ujipange maumbo, na maelezo mistari mitatu hivi. Ikwesheni yake nilikuwa naiandika hata nimefumba macho, ila kitu chenyewe sijawahi kukiona hata siku moja. Na jamaa yangu alikuwa ameniachia vayolini yake nimtunzie. Nikatafuta kibati cha mraba, nikakitoboa katikati, nikakifunga kwa skrubu juu ya kigogo cha mbao ili kikae hewani, mtoto akaja na mchanga kwenye kopo lake la kuchezea akaumwaga wote.

Nikachukua uta wa vayolini, ule mti wenye nyuzi wa kupigia, nikauvuta kwenye ukingo wa kibati. Mwanzo ulikwaruza tu, mtoto akaziba masikio. Nikajaribu tena na tena, nikagundua uta unatakiwa usimame wima na uvutwe kwa mkono uliotulia, bila haraka. Nikagusa katikati ya upande mmoja kwa kidole, nikavuta uta karibu na kona, na ghafla kile kibati kikaimba. Yaani sauti moja safi, ndefu, na mchanga ukashtuka wote kwa pamoja, chembe zikawa zinarukaruka na kukimbia kama zimeitwa, mpaka zikabaki mistari miwili tu imekatana katikati.

"Anko, umeandika kujumlisha!"

Akataka na yeye aweke kidole. Akakiweka kwenye kona ileile niliyokuwa napiga, kwahiyo ikabidi uta niuhamishie katikati ya upande. Sauti ikapanda, mchanga ukatawanyika, ukajipanga upya kutoka kona hadi kona.

"Sasa umeandika kuzidisha!"

Nilikaa chini sakafuni. Nilichokuwa nakijua kwa namba kilikuwa kinatokea mbele yangu kwa kidole cha mtoto. Kibati hakitikisiki sawasawa kila mahali, kuna mistari inabaki imetulia kabisa, na mchanga unafukuzwa kule kunakotikisika mpaka ukimbilie kwenye ile mistari. Ukiweka kidole unakilazimisha kibati kitulie hapo, basi kinatafuta namna nyingine ya kutikisika na noti inabadilika. Nikaenda kulitoa gitaa chini ya kitanda, nikalitune, nikawa natafuta kila noti ya kibati iko wapi kwenye nyuzi, na mtoto anachora kila umbo linalotokea kwa zile penseli nilizompa. Baadae nikamwomba moja nikachora na mimi.

Alafu akamwaga poda. Nilitaka kumkataza lakini nilikuwa nimeshavuta uta, na poda haikwenda kwenye mistari! Mchanga ulikwenda kwenye mistari kama kawaida, poda ikaenda kinyume, ikajikusanya vilima vidogo palepale panapotikisika zaidi, inazunguka kama maji yanayochemka. Nikadhani ina unyevu. Tukafuta, tukarudia mara tatu, kilekile. Nikaichora kwa uangalifu wote niliokuwa nao, kwasababu sikuwa na ikwesheni ya kitu hicho, nilikuwa na penseli tu.

Chuo kilipofunguliwa nikaenda maktaba na ule mchoro mkononi. Kumbe mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alishalishughulikia jambo hili mwaka 1831: hewa iliyo juu ya bati nayo inaanza kuzunguka, inasomba vumbi jepesi na kulirundika pale, ila mchanga ni mzito, hausombwi. Siku hiyohiyo nikasoma habari za Chladni mwenyewe, mwanafizikia Mjerumani, na hapa ndo nilipopata kupumua. Huyu alisomea sheria kwasababu baba yake alitaka hivyo, akachapisha yale maumbo ya mchanga mwaka 1787, mwaka 1794 akaandika kwamba vimondo vinatoka nje ya dunia, watu wengi wakampinga na alikuwa sahihi, na katikati ya hayo yote akabuni ala zake za muziki akawa anazunguka nazo miji ya Ulaya akipiga na kufundisha. Mwaka 1809 akamwonyesha Napoleon ule mchanga, ikatangazwa zawadi kwa atakayeeleza kwa hesabu kwanini unajipanga vile, akaja kuichukua mwanahisabati Mfaransa, mwanamke, Sophie Germain mwaka 1816. Uta na mchanga, mpaka hesabu nzito namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeambiwa nichague na nikakubali.

Ila nirudi siku ile. Jioni tulipaka karatasi gundi, tukawa tunaibandika taratibu juu ya kibati na kuinyanyua, umbo zima la mchanga linatoka nayo. Tukatengeneza kama kumi na tano, mtoto akazipaka rangi. Sakafu imejaa mchanga na poda, gitaa liko katikati, daftari la mahesabu liko wazi. Dada akarudi akasimama mlangoni anaangalia, hata mkoba hajauweka chini, mtoto akamvuta mkono.

"Mama njoo uweke kidole hapa. Anko, piga."

Akaweka. Nikapiga.