Viza ya kumfuata mume: maisha yetu wawili Oman

Kuna dada alinitumia meseji anauliza mumewe kapata kazi Muscat, mji mkuu wa Oman, je aache kazi yake Dar amfuate au abaki. Nikaona jibu lake haliishi kwenye meseji, bora niandike hapa maana najua hayuko peke yake.

Kitu cha kwanza ambacho ajenti wa kazi hatakwambia wala mumeo mwenyewe pengine hajui, ni kwamba ukienda Oman kwa viza ya familia huruhusiwi kufanya kazi. Unapewa kadi ya ukaazi, ina picha yako na jina lako, ila uko pale kwa mgongo wa mumeo, yeye ndo mdhamini wako. Ukitaka kazi lazima upate mwajiri atakayekufanyia viza ya kazi, na nafasi nyingi siku hizi wanapewa kwanza wenyeji, jambo ambalo silalamikii, nchi ni yao na vijana wao wanatafuta ajira kama wetu.

Mimi ni mhasibu. Nimetoka Muheza, nimesoma kwa ada iliyotokana na machungwa ya mama, na tangu nimalize chuo sijawahi kumuomba mtu hela ya vocha. Mume wangu ni Msukuma wa Mwanza, fundi wa mitambo ya umeme, alitangulia yeye nikamfuata baada ya ndoa. Tukapanga flati ya vyumba viwili Al Khuwair, mtaa wa Muscat, nzuri, AC kila chumba, maji hayakatiki, umeme haukatiki. Afu asubuhi yeye anatoka mapema, mimi nabaki na kuta.

Na kutoka nje wakati wa joto sio mchezo. Juni hadi Agosti serikali inazuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, yaani sheria yenyewe imekubali kwamba jua lile linaua. Kuna mji wa pwani unaitwa Quriyat, kusini mwa Muscat, Juni 2018 ulipitisha siku nzima usiku na mchana bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Sasa mtu wa Muheza ambaye kwao kukiwa na joto unakaa chini ya mwembe, hapa unakaa chini ya nini? Miji mikubwa imejengwa kwa ajili ya magari, duka unaliona pale ng'ambo ila katikati kuna barabara ya njia sita huwezi kuvuka.

Ila joto silo lililonisumbua zaidi. Kilichonisumbua ni hela. Mume wangu sio mchoyo, na nataka hili lieleweke, hajawahi kuninyima kitu. Nikisema naomba rial tano anatoa kumi. Lakini kule kuomba kwenyewe! Mama yangu anapiga simu anaumwa mgongo nataka kumtumia kitu, inabidi nisubiri mtu arudi kazini nimwambie, afu niangalie uso wake kama amechoka au laa, nichague wakati wa kusema. Nilikuwa nimeanza kuwa mtu wa kuvizia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Na yeye kwa upande wake alikuwa anabanwa na ndugu wa Mwanza, maana huko nyumbani ukisema uko Uarabuni wanajua unachota tu, rial moja ni zaidi ya shilingi 6,000 basi mtu anazidisha mshahara wako kichwani na hatoi kodi ya nyumba wala chakula.

Tulizungumza Alhamisi moja usiku, wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi kwahiyo Alhamisi ndo usiku wa kupumua. Nilichukua daftari nikaandika mshahara wote, kodi ya nyumba, umeme, chakula, akiba, nikamwambia mume wangu hii hela mimi sijaitolea jasho la kiwandani ila nimeacha mshahara wangu ili huu uwezekane, kwahiyo huu mshahara ni wa kazi mbili, yako unayoifanya na yangu niliyoiacha. Alinyamaza muda mrefu. Afu akasema, "Mke wangu, mbona hujaniambia tangu mwanzo kwamba unaumia?" Tukakubaliana: bajeti naishika mimi maana ndo taaluma yangu, kila mmoja ana fungu lake la mwezi ambalo mwenzake haulizi limeenda wapi, na mama wa Muheza na mama wa Mwanza wanatumiwa kiasi kilekile siku ileile. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye makubaliano yale mpaka leo.

Dada unayeniuliza, mazungumzo hayo fanyeni kabla ya ndege. Andikeni kabisa. Mapenzi yapo lakini mwanamke aliyezoea kujitegemea akikaa miezi bila senti yake anabadilika, na mwanaume naye anabadilika bila kujijua.

Sasa nieleze kilichofungua maisha yetu, na hapo lazima nimtaje Bibi. Nilikuwa dukani nachagua nyanya huku naongea na mdogo wangu kwenye simu, nyuma yangu nikasikia, "Mwanangu, kwenu wapi?" Kugeuka namuona mama mtu mzima kavaa buibui, Mwarabu kabisa wa sura, na Kiswahili kile cha Unguja kilichonyooka. Nikamshika mkono nikasema shikamoo, akasema marahaba, nikaanza kulia pale pale kwenye nyanya. Alizaliwa Unguja, akaja Oman na wazazi wake miaka ya 70. Watu kama yeye wako wengi sana, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga, wakarudi toka Zanzibar, Mombasa, Bujumbura, hadi Kongo, na wengi walikuwa wamesoma kwahiyo wakaingia kwenye shule, hospitali na ofisi za serikali. Kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 alinigusia mara moja tu, ndugu zake aliowapoteza, mimi nikasikiliza, sikuuliza zaidi. Ni Mtanzania mimi na ni mkristo, na yule mama amenipokea kama mtoto wa dada yake. Mume wangu anamwita mkwe.

Bibi ndiye aliyenionyesha wapi napata nazi, muhogo na mchicha, akanipeleka soko la samaki la Seeb, akanifundisha halwa inanunuliwa duka gani. Na ndiye aliyeniambia, "Jifunze gari, mwanangu, hapa bila gari wewe ni mfungwa." Wanawake wa Oman wanaendesha, wengi tu, hilo watu nyumbani hawaliamini kwasababu wanachanganya nchi zote za Ghuba.

Leseni ya Oman ni shughuli. Wanaendesha kulia, usukani uko kushoto, kinyume na sisi, kwahiyo kichwa chote lazima ukigeuze. Unapimwa macho, unapata lena, unamtafuta mwalimu, afu mitihani ya polisi: kwanza mapipa, unarudi nyuma kwa gari kati ya mapipa bila kugusa, afu kilima, unasimama katikati ya mwinuko unaondoka bila gari kuserereka, afu barabarani na polisi pembeni yako. Mapipa ndo yanaliza watu. Mwalimu wangu alikuwa mwanamke mmoja mpole sana, mume wangu naye jioni jua likizama ananipeleka kwenye kiwanja kitupu, tumepanga ndoo za rangi tukafanya mapipa, ananisimamia bila kupiga kelele hata mara moja. Nawajua wanandoa waliokaribia kuachana kwa kufundishana gari. Siku niliyopata leseni alinipa funguo akakaa kiti cha abiria, akasema leo unipeleke popote.

Toka hapo tulianza kutembea. Wenzetu wengi wikiendi wanakimbilia Dubai, sawa, ni mji mzuri na tumefika, lakini mi naona ni uchungu kuishi nchi fulani miaka na miaka ukawa unaijua kuanzia kazini hadi supermaketi tu. Sisi Ijumaa asubuhi kama hatuendi kanisani tunaondoka. (Ndiyo, kanisani, ibada kuu ziko Ijumaa kwasababu Jumapili ni kazi, makanisa yako Ruwi na Ghala kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultan, mmejaa hapo Wahindi, Wafilipino, Waafrika, hakuna anayekusumbua.)

Nizwa, mji wa zamani wa bara, nenda Ijumaa alfajiri, ndo siku ya mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka na mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamekaa na wamesimama pande zote mbili, mtu anapiga kelele bei, mwenye kutaka anamshika mbuzi anamkagua meno. Mume wangu Msukuma, mtu wa mifugo, pale hatoki. Aliongea na mzee mmoja kwa Kiarabu chake cha kazini na mikono, wakaelewana kuhusu mbuzi kwa muda mrefu sana.

Toka Nizwa sio mbali unapanda mlima wa Jebel Akhdar, polisi wanakusimamisha chini pale Birkat al-Mouz, bila gari ya 4x4 hupandi. Juu ni karibu mita 2,000, baridi kama Lushoto, na ukienda Aprili waridi limechanua kwenye matuta ya mawe, wanachuma alfajiri na kulikamua maji ya waridi kwenye vyungu juu ya tanuri. Yale marashi tunayopaka kwenye harusi Tanga!

Ila sehemu iliyonigusa kuliko zote ni Sur, mji wa pwani. Pale ndo walikounda majahazi, na hadi leo kuna karakana inafanya kazi. Jahazi moja kubwa la zamani, Fatah al-Khair, lililoundwa 1951, wameliweka nchi kavu watu walione. Majahazi ya Sur yalikuwa yakija kwetu na kaskazi, yamebeba tende na samaki wa chumvi, yakirudi na kusi yana boriti za mikoko, na nyumba za zamani za Oman ukiangalia juu darini unaziona boriti zile, zimetoka pwani yetu. Mzee aliyekuwa anatutembeza alipojua tumetoka Tanzania akaanza kututajia bandari alizozisikia kwa baba yake, Lamu, Tanga, Pemba, Unguja, Kilwa, kwa mpangilio, kaskazini hadi kusini, kana kwamba ameshafika. Mume wangu alinishika bega. Shuleni tulisoma Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, mstari mmoja kwenye daftari la historia, basi. Pale Sur nilielewa kwamba walikuwa watu, na mabaharia, na mama zao wamesimama ufukweni wanangoja upepo ubadilike.

Salalah, mji wa kusini mwa Oman, tuliifuata kwa barabara, karibu kilomita 1,000 toka Muscat. Wengi wanapanda ndege na sio vibaya. Lakini barabara ile ya Adam na Haima inakufundisha mwenzako, masaa na masaa jangwa tambarare, hakuna mti, simu inapoteza netiweki, hamna cha kufanya ila kuongea. Tuliongea mambo ambayo Dar tusingeyaongea, kuhusu baba yake aliyefariki akiwa mdogo, kuhusu mtoto tunayemtafuta ambaye hajaja bado na hofu ambayo kila mmoja alikuwa anaificha akidhani anamlinda mwenzake. Tulikuwa tunapokezana usukani, anayeendesha anaongea kwa uhuru zaidi maana haangaliwi usoni. Afu unapita Thumrait, bado ni vumbi na kahawia, unaanza kushuka mlima na ghafla ukungu, manyunyu, majani ya kijani hadi macho yanauma, ngamia wanachunga kwenye ukungu! Hiyo ni kharifu, mvua ya kusi ambayo kwa Oman inapiga Dhofar peke yake, mkoa wa Salalah, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba wakati Muscat inaungua. Mjini pembezoni mwa barabara vibanda vya madafu, ndizi na mapapai vimejipanga. Nilishuka nikanywa dafu nimesimama na manyunyu yananipiga, sikutaka kuondoka.

Wanaoniuliza kuhusu safari ile, jazeni mafuta kila kituo mnachokiona, msiendeshe usiku kwasababu ya ngamia, bebeni maji mengi, na hoteli fanyeni bukingi mapema maana nusu ya Ghuba inahamia Salalah kipindi hicho.

Kwahiyo dada, nikujibu. Kumfuata mumeo sio kosa na kubaki sio kosa. Ukienda, nenda na makubaliano ya hela, cheti chako kimefanyiwa uthibitisho ubalozini hata kama hudhani utakitumia, na leseni iwe kitu cha kwanza sio cha mwisho. Tafuta mama mtu mzima anayeongea Kiswahili, hawakosekani.

Kwetu mkataba wa mume wangu unaisha mwakani. Tumekubaliana nchi ijayo, iwe Oman hii hii au kwingine au nyumbani, anayepata kazi ya maana ndo anatangulia, na mwenzake anafuata kwa masharti yale yale ya daftari. Nimeshaanza kutuma maombi ya uhasibu, moja Muscat, mengine Kigali na Nairobi. Jana amekaa na mimi hadi usiku ananisaidia kupanga CV, akaniambia ikiwa ni mimi nitakayepata, yeye fungu lake la mwezi anataka liwe sawa na nililokuwa napewa, wala lisizidi.